Kumuaga mzee wetu wa Mji Mkongwe: tafadhali thibitisheni

Assalaam aleykum ndugu zangu,

Shughuli ni Jumamosi hii kama tulivyopanga, ila mahali pamebadilika. Kwa kuhofia mvua tumeiacha Forodhani. Tutakutana Ngome Kongwe saa 10:30 jioni, tukishasali Alasiri.

Mzee wetu alianza kazi hii ya kuhifadhi nyumba za kale kabla Mji Mkongwe haujaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Wengi wetu tunamkumbuka akipita vichochoroni kwa miguu, akigusa kuta kwa kiganja, akiwabembeleza wenye nyumba watumie chokaa, si saruji, maana saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe na boriti zikaoza. Sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la masultani, ilipoanguka Desemba 2020, nilimwona akilia. Na siku zote alitaka mji uwe na watu wanaoishi na kuuza ndani yake. Wenye maduka, hili mnalijua kuliko mimi.

1. Mchango ni shilingi 15,000, mwisho Jumatano usiku, kwa mshika fedha wetu. Aliyebanwa aje tu, tunamtaka yeye.
2. Zawadi ni kofia ya viua na kijilango cha nakshi. Fundi ameshaanza kuchonga. Mzee hajui, msimwambie.
3. Kahawa, kashata na halua: kina mama wa mtaa wa Malindi wamejitolea, Mungu awalipe. Wanahitaji vijana wanne wa kubeba vyombo saa 9.

Kila mmoja aandike hapa "Nipo" au "Sitoweza" kabla ya Jumatano, na idadi ya watu atakaokuja nao. Anayetaka kusema neno aniambie mapema.