Kiwanja usiuze mwanangu

Mwanangu, ile video uliyonitumia ya dawa ya Alzheimer, huo ugonjwa wa kusahau alionao Bibi yako, nimeiangalia mpaka bando likakata. Kabla hatujaongea lolote, kiwanja usiuze kwa ajili ya dawa hiyo.

Hiyo lecanemab naijua, kustaafu hakujanitoa unesi. Huko Marekani waliipitisha kikamilifu Julai 2023, na nilifurahi kweli maana zamani mgonjwa wa hivi tulikuwa tunamrudisha nyumbani mikono mitupu. Lakini umesoma ni ya nani? Ni ya mtu ambaye ndo kwanza anaanza kusahau. Inasafisha ule uchafu wa protini unaoitwa amiloidi kwenye ubongo, kwenye majaribio ikapunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18, kilichoshapotea hairudishi, na unaanza na dripu kila wiki mbili, na vipimo vya MRI vya kupiga picha ubongo juu yake maana ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Sasa Bibi yako jana kamenya ndizi vizuri kabisa, kanishinda hata mimi, halafu maganda kaweka sufuriani na ndizi kampelekea ng'ombe. Huyo si wa mwanzo tena mama. Kiwanja kiuzwe cha nini?

Najua unampenda, na hela ya pampasi zake hujawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja, Mungu akubariki. Ila una tabia ya kuamua kwanza sisi tunasikia baadaye, kama ile gari, sitaki kuisema.

Na si Bibi peke yake, hapa wilayani Hai walishapima wazee wa miaka 70 kwenda juu wakakuta kama 6 kwenye kila 100 wana shida ya kusahau ya ugonjwa, sema tunaita uzee. Shangazi yako bado anasema Bibi karogwa, mwache.

Kama hela inakuwasha mnunulie Bibi kifaa cha masikio, nusu ya ugomvi humu ndani ni kwamba hasikii. Na wewe pima presha! Wataalamu wa Lancet, lile jarida la madaktari, mwaka 2024 walitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, presha na masikio yamo, wakasema karibu nusu ya wagonjwa ingewezekana kuwakinga au kuwachelewesha. Vidonge vyangu sasa hivi nameza kila siku, usiniulize vya mwaka jana.

Dada wa kazi kaondoka tena. Gesi imeisha, tunapikia kuni. Na hati ya kiwanja nimeitoa kabatini, kwa hiyo usimsumbue kaka yako kuitafuta.

Mama