Barua kwa mwanangu: wakikwambia wewe ni mwili tu

Marahaba baba. Meseji yako niliisoma usiku ule ule ila sikutaka kukujibu kwa voisi, haya mambo nataka uwe nayo kwa maandishi uyasome umetulia, siyo uko kwenye basi la timu na kelele zote zile.

Umeniuliza kwanini kochi kwenye ile ripoti ya nusu msimu amekuandikia una mwili mzuri, unaruka, una kasi, ila bado mbichi, alafu yule mwenzako mzungu mnayegombania naye namba kwenye timu ya kikapu ameandikiwa anausoma mchezo, ana akili ya mpira, anajituma. Na unasema mwenzako anapoteza mipira kuliko wewe na mazoezi ya alfajiri mara aje mara asije. Kochi wako mimi simjui na sitaki kumhukumu kwa karatasi moja, inawezekana kabisa hana nia mbaya. Ila hayo maneno nayajua mwanangu. Yalikuwepo kabla hujazaliwa na wameshaandikiwa watu wakubwa sana, kwa hiyo ngoja nikwambie habari za Giannis Antetokounmpo, huyo nyota wa kikapu, mana najua ukutani kwako yupo lakini nina wasiwasi unazijua danki zake tu, kule kuruka na kuusukumia mpira golini kwa mkono.

Huyu kijana kazaliwa Athens, Ugiriki, Desemba 1994, akakulia mtaa unaitwa Sepolia. Baba yake Charles na mama yake Veronica walitoka Nigeria mwaka 1991 kutafuta maisha, mtoto wao wa kwanza Francis wakamuacha kule kwa babu na bibi (mimi hapo kila nikipafikia nasimama kidogo, kumuacha mtoto si mchezo). Sasa Ugiriki walikuwa hawatoi uraia eti kwa sababu mtoto kazaliwa pale, waliangalia wazazi wake ni nani, kwa hiyo Giannis akakua hana uraia wa Ugiriki na wa Nigeria hana pia, yaani mtoto anasoma shule ya kigiriki, kigiriki ndo anachoongea na wenzake, lakini ukija kwenye makaratasi hana kwao. Na mtaani alikuwa machinga. Machinga kabisa, kama hawa wetu wa Kariakoo, yeye na kaka yake Thanasis wanawafata watalii kuwauzia saa, miwani ya jua, mabegi, na nyumbani wazazi roho juu kila siku wasije wakakamatwa wakarudishwa. Kikapu akaanzia timu ya Filathlitikos, na viatu vya kuchezea ilikuwa pea moja na Thanasis, mmoja akitoka uwanjani anavua mwenzake anavaa.

Mwaka 2013 maskauti wa NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wakaanza kumiminika kumuangalia. Na hapo ndipo uraia ukapatikana, Mei 2013, wiki chache tu kabla ya drafti ya Juni, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ambapo Milwaukee Bucks wakamchukua namba 15. Fikiria hiyo baba. Miaka 18 yupo pale pale, shule ile ile, mtaa ule ule, hakuna aliyekuwa na haraka naye, siku Marekani wamemtaka pasipoti ikatoka. Na hata hivo wapo waliochukia. Kiongozi wa Golden Dawn, chama cha wabaguzi wa kule Ugiriki, Nikolaos Michaloliakos, akamfananisha hadharani na sokwe, kijana wa miaka 18! Huyo mzee Oktoba 2020 mahakama ikamkuta na hatia ya kuongoza genge la wahalifu, na Julai 2024 kule Paris kwenye ufunguzi wa Olimpiki aliyesimama kwenye boti kashika bendera ya Ugiriki pamoja na Antigoni Drisbioti alikuwa Giannis, mchezaji mweusi wa kwanza kuibeba bendera hiyo kwenye Olimpiki. Nilifurahi mpaka machozi, sikufichi. Lakini huwa nawawaza wale watoto wenzake wa Sepolia, waliozaliwa hospitali zile zile na wazazi wahamiaji, ambao hawakujaliwa mita 2 na sentimita 11 na hakuna skauti aliyewafata, wao sheria ya kuwapa njia ilikuja kupita 2015. Mtu asipendwe mpaka ashinde, hiyo ndo inanikera mimi, na ndo mana nakuomba usiwahi kuhesabu thamani yako kwa jinsi watu wanavyokushangilia Jumamosi.

Haya, turudi kwenye hilo la mwili.

Giannis amechukua MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, mara mbili mfululizo, 2019 na 2020, na huo wa 2020 akachukua na mlinzi bora wa mwaka, kitu ambacho kabla yake walikuwa wamekifanya Michael Jordan na Hakeem Olajuwon wa Lagos tu. Mwaka huo huo 2020 James Harden, nyota mwingine wa NBA, akahojiwa akasema angetamani naye awe na futi 7 akimbie tu adanki, eti hiyo haihitaji ujuzi wowote, yeye ndo imebidi ajifunze kucheza. Unaona? Na Harden ni mweusi mwenzake. Kwa hiyo usidhani haya maneno yanatoka kwa wazungu peke yao, hapana, yameshazunguka sana mpaka na sisi wenyewe tunayasema bila kujisikia.

Alafu angalia ukweli ulivyo. Kijana alifika Milwaukee mwembamba, hata kilo 90 hazifiki. Huo mwili unaouona leo ni wa gym na chakula na miaka, hakuzaliwa nao. Kuna siku msimu wake wa kwanza alienda Western Union akatuma hela zote nyumbani kwa wazazi, akatoka nje akakuta hana hata ya teksi, baridi ya Milwaukee unaijua wewe kuliko mimi, akaanza kukimbia kuelekea uwanjani mpaka watu na gari yao wakamtambua wakampa lifti. Na msimu wa 2016/17 akaiongoza timu yake kwa pointi, rebaundi, asisti, kupokonya mipira na kubloki, vyote vitano, waliowahi kufanya hivo kwenye historia ya NBA ni wa kuhesabu. Sasa asisti unapigaje kwa misuli? Asisti ni macho, ni kujua mwenzako atakuwa wapi kabla hajafika. Lakini ukisikiliza watangazaji, akivuka uwanja kwa hatua tatu ni mnyama, ni maajabu ya maumbile, na pasi ile ile akiitoa Nikola Jokić, yule mzungu wa Serbia, ni fundi, ni kichwa, anaona kabla ya wengine.

Jokić mwenyewe sina neno naye, nampenda sana na akili anayo kweli. Na naye mwanzoni walimpimia mwili, mnene, mzito, haruki, wakamchukua namba 41 mwaka 2014 na jina lake lilipotajwa tivi ilikuwa inaonyesha tangazo la Taco Bell! Ila angalia tofauti: yeye alipoanza kushinda wakamsifia kichwa, Giannis alivyozidi kushinda wakazidi kumsifia misuli. Mmoja mafanikio yake ni kazi, mwingine ni bahati ya kuzaliwa hivo. Na ukishaambiwa ni bahati maana yake zile alfajiri zako zote hazihesabiki.

Hili Isiah Thomas, mchezaji mweusi wa timu ya Detroit, alilisema zamani sana, 1987, mimi mwenyewe nilikuwa mtoto. Detroit walitolewa na Boston, mwenzake Dennis Rodman akasema Larry Bird wa Boston anasifiwa kupita kiasi kwa sababu ni mzungu, Isiah akamuunga mkono akasema Bird angekuwa mweusi angekuwa mchezaji mzuri tu kama wengine. Ikawa kesi kubwa, akashambuliwa kila kona, na kwa Bird kweli alikosea mana Bird alikuwa anajua jamani. Lakini alivyokuja kufafanua ndo akagusa penyewe. Alisema Bird akifanya kitu kizuri watu wanasema ni kufikiri na mazoezi, weusi wakifanya inakuwa ni kukimbia na kuruka tu, kana kwamba yeye alitoka tumboni mwa mama yake anadribo mpira.

Mwanangu mimi ndo niliyekuzaa, hukutoka unadribo. Ulitoka na kilo tatu na kidogo unalia usiku kucha. Mkono wa kushoto ulikuwa huwezi kabisa, ulipokuwa darasa la saba ulikuwa unadunda kwa kushoto pekee pale uani mpaka jirani anakuja kugonga geti, na nilikuwa nakukataza nikijua hutaacha. Huo mkono wa kushoto nani alikuzalia?

Na hapa nyumbani mfano tunao, Hasheem Thabeet. Kaanza kikapu ana miaka 15, Dar hii hii, 2009 akachukuliwa namba 2 NBA, mbele ya huyo Harden aliyekuwa namba 3 na Stephen Curry namba 7. Mambo yalivyokuwa magumu Memphis, timu iliyomchukua, kila mtu akasema alikuwa urefu tu. Vijiweni hapa ndo usiseme, watu hawajawahi kushika mpira wanamcheka. Hakuna anayetaja kwamba chuoni Connecticut alikuwa mlinzi bora wa ligi yao mara mbili, na kusimama pale chini ya goli kujua lini uruke na lini utulie ni hesabu ngumu, wewe unacheza hapo hapo unajua. Waliomchukua walinunua urefu, walipoona urefu peke yake hautoshi wakamlaumu mwenye nao.

Sasa umeandika unataka kupunguza kudanki ili kochi akuone una akili. Baba, hapana. Hapo nimekasirika kidogo, siyo kwako. Mpira ukidai danki, danki. Mwili wako ni wako, na wa babu yako aliyebeba mizigo bandarini, hatuuonei aibu. Ukianza kucheza ili kumkanusha mtu utakuwa unafikiria macho yake wakati beki anakupita.

Nachotaka ufanye ni hiki. Omba kukaa na kochi, kwa adabu, mkiwa wawili. Nenda na namba zako, mipira uliyopoteza, asisti, dakika. Usimtaje mwenzako kabisa, yule mtoto hana kosa na huenda ni rafiki yako wa kesho. Muulize tu, kochi hapa umeandika mbichi, naomba unionyeshe kwenye video ni wapi nilisoma vibaya ili nirekebishe. Akikuonyesha, shukuru, fanyia kazi, mana inawezekana kweli yapo, una miaka 17 huwezi kukosa. Akikosa cha kukuonyesha atakuwa amejisikia mwenyewe, na wewe utajua ile karatasi ina uzito gani.

Na ukipata muda tazama tena fainali za 2021, siyo vipande, mechi nzima. Mechi zilizochezwa Phoenix, kwa wapinzani wao, Giannis akienda kwenye mitupo huru anadunda, anavuta pumzi, anachukua muda wake, na ukumbi mzima unamuhesabia kwa sauti moja, mbili, tatu mpaka kumi, na mitupo mingi alikuwa anakosa kweli. Hakukata tamaa. Mechi ya sita nyumbani Milwaukee akapiga 17 kati ya 19, pointi 50 jumla, kombe la kwanza la Bucks tangu 1971. Mguu ambao raundi ya nyuma yake ulipinda goti watu wakadhani msimu umeisha. Muangalie uso wake pale kwenye mstari, muangalie anavyorudia kitu kile kile kila mtupo.

Bibi anakusalimia sana, anauliza unakula nini huko. Mdogo wako kaanza kwenda Don Bosco Upanga kila Jumamosi na viatu vyako vya zamani, bado vikubwa lakini hasikii. Hela ya koti nimetuma jana, nunua koti, usinunue viatu. Na video ya mechi inayokuja nitumie yote baba, siyo zile danki tu unazoweka insta, nataka nione unavyokaa kwenye ulinzi wakati mpira uko upande wa pili.

Mama