Kabla hujanunua deki ya CD ya bei mbaya

Mzee mmoja wa Raskazone, hapa Tanga, alituletea dukani deki aliyoipata kwenye mzigo wa mtumba kutoka Japani. Mashine nzito, bati la maana, trei inatoka taratibu bila kelele. "Nimeichomeka mara moja tu, fundi, ikanuka." Tukaigeuza: nyuma imeandikwa 100V. Umeme wetu ni 230. Transfoma ilishaungua, na ya kufanana nayo hapa mjini hakuna. Kwa hiyo ukiona deki ya Japani, soma kwanza hicho kibandiko cha nyuma, halafu ndiyo uulize bei. Ikiwa ni ya 100V, iweke kwenye transfoma ya kupunguza umeme. Adapta ya plagi haipunguzi kitu.

Mashine yenyewe ilikuwa transpoti. Deki ya kawaida husoma diski na kugeuza tarakimu kuwa sauti. Transpoti husoma tu, ikapeleka tarakimu kwenye DAC, kisanduku kinachozigeuza kuwa muziki kabla ya kufika kwenye amplifaya. Wengi wanaokuja dukani wanadhani transpoti ya bei kubwa itawapa sauti mpya. Sauti inatengenezwa kwenye DAC, amplifaya na spika, na fedha yako ianzie huko.

Sasa tazama diski zako. CD, tangu 1982, ni biti 16 kwa kilohezi 44.1, na transpoti yoyote nzima inaisoma. Yenye ubora wa juu zaidi ni SACD (Super Audio CD), iliyotoka 1999, DVD-Audio iliyofuata, na Blu-ray za muziki. Hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. SACD nyingi zina tabaka mbili, moja ya kawaida na moja ya ubora wa juu. Ukiitia kwenye transpoti ya CD inapiga vizuri kabisa, mwenyewe unatikisa kichwa, kumbe kioo cha DAC kinaonyesha 44.1. Umelipia SACD, unasikiliza CD.

Hata ukipata deki inayosoma SACD yenyewe, tundu za nyuma za kutolea tarakimu, koaksia (ya waya) na optiki (ya mwanga), kwa kawaida hazitoi tabaka hiyo ya ubora wa juu. Watengenezaji walizifungia kwa kuogopa wizi wa nakala. Inapita kwenye HDMI, na huko mwisho uwe na risiva, yaani amplifaya yenye tundu la HDMI, inayoipokea. Kwa mwenye diski mchanganyiko, sisi tunashauri deki ya Blu-ray inayosoma aina zote badala ya transpoti. Deki za kampuni ya Oppo zilikuwa nzuri sana kwa kazi hiyo, ila walisimamisha utengenezaji 2018, kwa hiyo ukikutana nayo ulizia hali ya lenzi kabla ya kutoa hela.

Waya? Koaksia ya ohmu 75 iliyobana vizuri inatosha. Waya za bei ya pikipiki hatuuzi.

Kinachoua deki Tanga ni chumvi. Nyumba iliyo karibu na bahari, upepo wa kusi ukishaanza, baada ya muda unakuta kutu kwenye skrubu na ukungu juu ya lenzi. Ifunike usipoitumia, lakini si ikiwa bado ya moto. Lenzi ikichafuka ni pamba laini na tone la spiriti safi, mkono mwepesi. Pafyumu hapana, tumeshaletewa.

Na kama hazina yako ni taarabu ya Black Star au dansi la Atomic Jazz kwenye CD zilizonakiliwa kutoka kaseti, usihangaike na ubora wa juu. Mkwaruzo wa kanda utausikia vizuri zaidi, basi. Tuna wateja wanaoupenda huo mkwaruzo, na mimi mmoja wao.

Ukija kujaribu mashine, njoo na diski zako: moja safi, moja yenye mikwaruzo, moja ya kuchomwa kwenye kompyuta. Ya kuchomwa huakisi mwanga kidogo, na lenzi iliyochoka huikataa mapema. Kisha nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingoni ndipo diski inapoyumba zaidi, kwa hiyo deki mbovu itarukia hapo. Tupo Ngamiani kila siku isipokuwa Jumapili. Ijumaa tunafunga kidogo mchana kwa ajili ya swala.