Mwanangu, kuhusu mdahalo wenu

Mwanangu,

Kamwene. Huku Mafinga baridi imekaza, ila wote wazima.

Umeandika kwamba umepangwa upande wa kutaka picha za ngono zipigwe marufuku, na kwamba umeona haya kuniuliza. Haya ya nini? Bora uniulize mimi kabla ukumbi haujakuuliza.

Anzia Minneapolis, Marekani, mwaka 1983. Mwandishi na mwanaharakati wa haki za wanawake Andrea Dworkin na mwanasheria Catharine MacKinnon waliandika sheria ya jiji isiyomtegemea polisi: mwanamke aliyeumizwa kupitia picha hizo angefungua kesi ya madai, adai fidia. Likazie hilo, maana wengi wanaowabeza hawa mama hawalijui. Meya akaikataa. Indianapolis wakaipitisha 1984, na 1985 mahakama ya rufaa ikaibatilisha kwa hoja ya uhuru wa kujieleza.

Kati ya waliowapinga walikuwemo wanaharakati wenzao wa kike, akina Ellen Willis. Hofu yao ilikuwa kwamba sheria za namna hii hatimaye humgeukia mwanamke mwenyewe. Ukiona ni hofu ya Wazungu, tazama Uganda. Sheria yao dhidi ya ponografia ilisainiwa 2014, na punde wanawake wakaanza kuvuliwa nguo barabarani kisa sketi fupi. Mahakama ya Katiba ilikuja kufuta vifungu vyake muhimu mwaka 2021.

Sheria yetu Tanzania ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia, basi. Haiulizi kama aliyemo kwenye picha aliridhia. Juzi kwenye kikoba simu ilizunguka mkono kwa mkono na video ya binti wa hapa hapa, hizo mnazoziita koneksheni. Mama mmoja, tena mzee wa kanisa, aliikuza kwa vidole viwili aione sura vizuri, ndipo akasema, "Kajitakia mwenyewe." Aliyeisambaza hakutajwa na mtu, na wote wanamjua. Binti akienda kushtaki, swali la kwanza litakuwa kwa nini alikubali kurekodiwa.

Mimi ningembana huyo msambazaji, alipe hasa, na binti nimwache. Kwa hiyo jenga hoja yako kwenye fidia na ridhaa. Ukigusa tu maadili na mavazi, wenzako watakutajia Kampala na utakosa la kujibu.

Mkimaliza nipigie, hata usiku.

Mama yako