Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapiga picha,

Mambo ya fedha atayaeleza Mweka Hazina, sitamwingilia. Itoshe kusema kodi ya chumba imelipwa na deni la zile taa limekwisha. Mimi nitazungumzia jambo lililotuletea wageni wengi mwaka huu, na kelele nyingi vilevile: vikao vyetu juu ya picha za zamani za washukiwa, zilizopigwa na polisi.

Tulianzia Paris. Alphonse Bertillon aliingia polisi ya jiji hilo mwaka 1879 akiwa karani tu, akakuta picha za washukiwa zilizopigwa ovyo, huyu karibu, yule mbali, mwingine kageuza uso. Akaweka kiti kisichokuruhusu kujipinda, umbali mmoja wa kamera, picha moja ya mbele na moja ya ubavuni. Yeye mwenyewe alikaa apigwe picha, na mwaka 1893 akapigwa Francis Galton, bingwa wa alama za vidole kutoka Uingereza. Tazameni kadi zao kando ya za wezi: kiti kimewasawazisha wote. Wenzetu wenye studio walicheka, maana ni yale yale wanayomwambia mteja wa pasipoti kila siku. Tazama mbele, usicheke, masikio yaonekane.

Kisha tukaenda Sydney, na huko ndiko tulikokawia. Kati ya miaka ya 1910 na 1930, polisi wa jimbo la New South Wales, Australia, walipiga picha zipatazo 2,500 kwenye vioo vilivyotumika kama filamu, nyingi katika mahabusu ya kituo kikuu cha jiji. Leo zinahifadhiwa na jumba la makumbusho la Justice & Police Museum. Kanuni za Bertillon hazimo. Mtu kasimama atakavyo, kofia kichwani, mkono mfukoni, nyuma yake ukuta uliobanduka rangi, na jina lake limeandikwa kwa mkono juu ya kioo chenyewe. Katika picha ya mwaka 1920 yumo Eugenia Falleni, mzaliwa wa Italia aliyeishi Sydney kama mwanamume kwa jina la Harry Crawford, amekamatwa kwa mauaji ya mkewe. Kavaa suti na tai. Polisi walitaka ushahidi. Uso ule unabaki wa mtu anayejijua.

Kijana mmoja akauliza mbona sisi hatuna hazina kama hiyo ya nyuso za babu zetu. Mzee mmoja akamkumbusha kipande, ile hati ya utambulisho ya wakati wa ukoloni: chini ya sheria ya 1915, serikali ya kikoloni hapa Kenya ilitaka alama za vidole, na karatasi ikavaliwa shingoni ndani ya kibati. Sura haikuhitajika.

Ubishi ulizuka pale ilipopendekezwa nakala za Sydney zitundikwe kwenye maonyesho yetu, sambamba na kazi za wanachama. Waliounga mkono walisifu mwanga na ustadi wa mpiga picha, na ni kweli, fundi alikuwa fundi. Lakini wengi wa waliopigwa walikuwa wamekamatwa tu, hawajahukumiwa, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kupigwa. Kamati iliamua zionyeshwe kwenye mhadhara, pamoja na maelezo ya kila mtu, zisitundikwe kama mapambo. Nilipiga kura upande huo na bado niko hapo. Uzuri wa picha zile unatokana na mtu aliyebanwa kujitengenezea nafasi ya hatua mbili mbele ya kamera. Ukiondoa habari ya kubanwa, umebakiza kofia na suti.

Kwa maonyesho yajayo tumekubaliana hivi. Mwenye studio, akimaliza picha ya pasipoti, amwombe mteja ya pili, asimame apendavyo, avae apendavyo, bila kuelekezwa. Picha hizo mbili zitatundikwa pamoja, kwa ukubwa mmoja. Fomu za ridhaa ziko kwa Katibu, na picha isiyo na sahihi ya mteja haitapokelewa, hata kama ni ya Mwenyekiti. Wanaodaiwa ada waonane na Mweka Hazina kabla ya uchaguzi kuanza, maana asiyelipa hapigi kura.