Skeli ya logi ifundishwe ipasavyo katika maabara za elektroniki

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa elektroniki katika vyuo vya ufundi hapa Kisumu tunalipitia haraka mno, nalo ni kupanga mihimili ya grafu zinazochorwa na programu za kuigiza saketi, kama vile LTspice na ngspice.

Chukua kichujio chenye rezista ya omu 1,600 na kapasita ya nanofaradi 100, ambacho huanza kuzuia ishara zenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) yanayozidi hezi 1,000 hivi. Mwanafunzi akitumia mhimili wa masafa wa kawaida unaotoka sifuri hadi hezi 1,000,000, kwenye grafu ya upana wa sentimita 20, hiyo hezi 1,000 itakaa chini ya robo ya milimita kutoka ukingo wa kushoto, na hataona lolote la maana. Akiufanya mhimili huo kuwa wa logi (logarithimu), kuanzia hezi 10, kila masafa yanapozidi mara kumi yatapewa sentimita 4, na mteremko wa desibeli 20 (kipimo cha ukubwa wa ishara, kwenye mhimili wa wima) kwa kila mara kumi utajitokeza wazi ukiwa mstari ulionyooka.

Hata hivyo, kubadilisha mhimili peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ikiwa programu iliagizwa kukokotoa nukta 100 zilizoachana kwa nafasi sawa, nukta ya pili itaangukia juu kidogo ya hezi 10,000. Kwa hiyo sehemu yote ya hezi 1,000 haikukokotolewa kamwe, na mstari unaoonekana pale ni kiunganishi tu kati ya nukta mbili. Sharti nukta zenyewe zipangwe kwa logi, tuseme 20 kwa kila mara kumi, ndipo mchoro uaminike. Tena sifuri haina logi, hivyo haiwezi kuwa mwanzo wa mhimili huo, na desibeli, ambazo tayari ni logi, hubaki kwenye skeli ya kawaida.

Wanafunzi hawa walizijua logi tangu shule ya upili, na baadhi yao wataunda amplifaya za kuuzwa Kibuye na Kondele hapa mjini, ambako sikio la mteja husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Nawasihi watunzi wa mitihani ya vitendo wamtake kila mtahiniwa aandike kando ya grafu yake aina ya skeli, mipaka ya mhimili na mpangilio wa nukta, na vipengele hivyo vitolewe alama.

Mwalimu wa elektroniki,
Kisumu