Anayenunua kamera ndogo kwa fedha kidogo aanze na lenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ununuzi wa kamera ndogo zisizo na kioo cha ndani, zile ambazo vijana wetu huziita mirolesi. Tangu kiangazi kianze, vijana watatu wamefika kwa nyakati tofauti kwenye kibanda changu cha picha hapa Mwanga, Kigoma, kila mmoja akiwa na kamera ya mtumba iliyofutwa ikang'aa, na kila mmoja akitaka ushauri wangu. Wawili kati yao walitaka niwaambie lenzi nyingine ya kamera zao inapatikana wapi, na sikuwa na jibu la kuwafurahisha, kwa sababu kamera walizonunua ni za mifumo ambayo watengenezaji wake walikwisha kuiacha. Siwacheki hata kidogo, kwani mimi mwenyewe niliwahi kutuma fedha kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, nikafungua kifurushi na kukuta lenzi isiyofunga kwenye kamera na chaja ya betri nyingine kabisa. Kwa reli ya kati, kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na mnunuzi wa Kigoma anayetaka kurudisha bidhaa huwa amebaki na simu isiyopokelewa tu.

Kamera za zamani za kitaalamu zina kioo kinachorusha mwanga juu, kwenye kitundu cha kuchungulia, na kioo hicho huinuka pale unapobonyeza. Hizi mpya hazina kioo hicho. Mwanga huangukia moja kwa moja kwenye sensa (si ile ya watu na makazi, bali kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha) na mpiga picha huiona picha kwenye skrini kabla hajaipiga. Mfumo wa kwanza wa aina hii, Micro Four Thirds wa Olympus na Panasonic, ulitangazwa mwaka 2008. Sony ikafuata na kifungio chake cha E (kifungio ni pale lenzi inapofungwa kwenye kamera) mwaka 2010, Fujifilm na kifungio cha X mwaka 2012, na mifumo yote hii mitatu bado inatengenezewa lenzi hadi leo. Kwa upande mwingine, Nikon ilianzisha mfumo wa Nikon 1 mwaka 2011 na kuufuta mwaka 2018, Samsung ikaachana na kamera zake za NX, na Canon ikahamia kwenye kifungio cha RF, hivyo mwenye lenzi za EF-M za kamera za EOS M hawezi kuzihamishia kwenye kamera mpya za kampuni hiyo hiyo. Kamera hizi zilizoachwa hazijaharibika, na ndiyo maana hutamanisha kwa bei. Mtu akitaka kuitumia na lenzi iliyokuja nayo tu, na akalijua hilo kabla ya kulipa, sina ugomvi naye. Tabu huja pale anapodhani ameweka msingi wa kazi, kumbe nyumba haina mahali pa kuongezea chumba.

Kijana wa tatu alikuwa na Sony a6000 ya mwaka 2014, kamera nzuri hadi leo kwa picha za mnato, ingawa haipigi video ya 4K. Alitaka kuiuza atafute mpya zaidi, akilalamika kwamba picha za bibi harusi alizopiga usiku ndani ya sebule moja ya Ujiji zilijaa chengachenga. Nilitazama lenzi yake: ilikuwa ile ya milimita 16-50 inayouzwa pamoja na kamera, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kupanuka kupita f/5.6 (namba hii ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Lenzi isiyovutika ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo, na ndiyo tofauti kati ya kumwona bibi harusi na kumkisia. Nikamwazima lenzi yangu ya milimita 35 kwa shughuli iliyofuata, na sasa habari ya kuuza kamera haitaji tena. Anachotaka ni kununua lenzi yangu, jambo ambalo sijalikubali.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba atenge karibu nusu ya fedha hizo kwa ajili ya lenzi moja yenye tundu pana, kisha kinachobaki kinunue kamera ya mtumba ya mfumo ulio hai, hata kama ina miaka 8 au 10. Aliye na lenzi za EF za Canon kutoka enzi za kamera za kioo asizitupe, kwani kwa adapta sahihi zinafanya kazi kwenye kamera za RF na kulenga zenyewe. Aangalie tu urefu wa lenzi: ile ndogo ya milimita 50 inayopendwa na wengi, ikifungwa kwenye kamera yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, kama ya a6000), hubana picha kama lenzi ya 75 au 80, nzuri kwa sura ya mtu mmoja, lakini katika vyumba vyetu vya Ujiji mpiga picha atajikuta amegota ukutani huku nusu ya mashangazi wamekatwa.

Ukubwa wa sensa nao una maana, ingawa wauzaji huutia chumvi. Sensa ya APS-C ina eneo la takriban mara 1.6 ya ile ya Micro Four Thirds, hivyo gizani ina nafuu kidogo. Lakini Panasonic GX80 ya mwaka 2016 na Olympus E-M10 Mark II ya mwaka 2015, zenye sensa ndogo, zina kitulizi cha mtikisiko ndani ya kamera yenyewe, na lenzi zake ni nyepesi kubeba. Kitulizi hicho husaidia mkono wa mpiga picha, hakimzuii mcheza ngoma asitikisike. Vijana wanaowaongoza wageni katika hifadhi ya Gombe, ambako sokwe ni weusi, msitu una kivuli kizito na flashi hairuhusiwi, ndio wenye kazi ngumu kuliko sisi wa harusi, kwa kuwa lenzi ndefu za bei nafuu huwa na tundu jembamba. Anayetaka taa za wavuvi wa dagaa kutoka ufukwe wa Kibirizi usiku, yeye anunue kwanza stendi ya miguu mitatu.

Kuhusu megapikseli sitasema mengi. Picha ya kuchapwa kwenye karatasi ya A4 kwa ubora wa kawaida wa uchapaji haihitaji hata 9, na kamera nilizozitaja zina 16 au 24.

Betri ndiyo inayosahaulika. Kwa kuwa skrini huwaka muda wote, betri ya a6000 hukadiriwa kupiga picha 350 hivi, ambazo kwenye send-off huisha kabla keki haijakatwa. Betri mbili za akiba ziwemo kwenye hesabu tangu mwanzo, na kamera inayochajiwa kwa waya wa USB, hata kutoka pawabenki, ina thamani ya pekee kwa anayepanda boti kwenda kupiga picha vijiji vya mwambao. Vumbi letu la kiangazi nalo halina huruma: katika kamera nyingi za aina hii, ukitoa lenzi sensa hubaki wazi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zenu za teknolojia, ambazo kila mara huandika kuhusu kamera mpya na bei zake, zitaje pia kama kifungio cha kamera husika bado kinatengenezewa lenzi, na ziwafundishe wanunuzi wa mitumba ukaguzi mdogo ambao hauhitaji fundi. Mnunuzi amwombe muuzaji, kabla ya kutuma fedha, apige picha ya anga jeupe kwa f/16 na kumtumia ikiwa kamili. Madoa meusi yakionekana, muuzaji apulize sensa kwa kipulizio cha mkono na kupiga tena: yakiondoka yalikuwa vumbi, yakibaki pale pale huenda ni mkwaruzo. Lenzi nayo imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, apige video fupi, ili utando wa kuvu uonekane kama upo. Muuzaji akikataa kufanya hayo ya dakika 5, kijana wa Kigoma abaki na fedha zake.

Wako,
Mpiga picha wa mtaani,
Mwanga, Kigoma